Kichwa cha Mdoli Hakipiti

SINDANO NA UZI: Bibi wa Njombe anajibu barua zenu

Toleo lililopita niliandika, kwa kupita tu, kwamba mjukuu wangu wa Dar amenipa kazi ya kumfumia mdoli wake sweta, na kwamba mdoli huyo ananisumbua kuliko darasa zima la wanafunzi. Sikujua nimechokoza nyuki. Habari za masweta ya shule nimeziandika humu miaka nenda miaka rudi, nikapata barua mbili, tatu. Mdoli mmoja kaniletea rundo. Nimechagua tano. Ya kwanza naijibu kwa kirefu kwa sababu kosa lililomo nimeshalifanya mimi mwenyewe, tena mbele ya mtoto.

Shikamoo Bibi. Naishi Mafinga, nina duka dogo la rejareja. Binti yangu wa miaka saba ana mdoli wa plastiki aliyeletewa na shangazi yake, na tangu baridi ianze anasema mdoli anatetemeka usiku. Nikachukua vipimo vya sweta la mtoto mchanga, nikavigawa kwa mbili, nikafuma siku tisa baada ya kufunga duka. Sweta limetoka zuri, majirani wamelisifia. Lakini kichwa hakipiti! Nimevuta mpaka uzi wa shingoni umekatika. Mikono nayo ni balaa: vidole vya mdoli vimetanuka kama vya mtu anayeonyesha tano, vinanasa kila kitanzi. Mdoli ana urefu wa sentimita 35. Nimekosea wapi, na je, sweta hili nilitupe?

*Mama Muuza Duka, Mafinga*

Marahaba mwanangu. Usilitupe, tutalifikia.

Kwanza nikupe yangu. Mwaka 1988 nilikuwa nafuma masweta ya shule kwa mashine, nikijiona fundi kweli kweli. Jirani akaniomba sweta la mdoli wa mwanawe. Nikalimaliza jioni moja, shingo ya duara safi kabisa. Kichwa kikagoma kama cha kwako. Nikagundua kwamba kichwa cha mdoli yule kinachomoka, basi kwa ujuaji wangu nikakichomoa, nikamvika kiwiliwili sweta. Kichwa kikabingirika chini ya meza. Nimeinama nakitafuta, mtoto huyo mlangoni. Kilio kile nakisikia hadi leo. Tangu siku ile sipandishi kitanzi hata kimoja cha sweta la mdoli kabla sijapima kichwa.

Wewe uliamini kwamba mdoli ni mtoto aliyepunguzwa. Siye kabisa. Mtoto mchanga wa kweli huzaliwa na kichwa chenye mzunguko wa karibu sentimita 35, na kifua chake ni pungufu ya hapo kwa kama sentimita 2. Ndiyo maana masweta ya vichanga yanawekwa vifungo begani. Akikua, kifua kinakipita kichwa, na sweta linavaliwa kwa juu bila taabu. Mdoli hakui. Aliyemtengeneza alitaka apendeze dukani, akampa kichwa kama boga, shingo fupi, na mikono iliyokunjwa milele. Huyu wa mjukuu wangu naye ni wa sentimita 35: kichwa 28, kifua 24, shingo 15. Sasa niambie, tundu gani litapitisha 28 halafu likae vizuri kwenye 15? Hakuna. Tundu hilo likipita litamning'inia mabegani kama kapu.

Kwa hiyo sweta la mdoli lifunguke mgongoni, kuanzia shingoni hadi chini kabisa. Siyo nusu. Nusu inaonekana maridadi, ila mtoto wa miaka saba hana subira ya nusu. Likifunguka lote, atamlaza mdoli kifudifudi, ataingiza mkono mmoja, kisha wa pili, atafunga vifungo vitatu, kwisha.

Kosa lako la pili ni ile kugawa kwa mbili. Vipimo vinagawanyika, uzi haugawanyiki. Ukibaki na uzi uleule na sindano zilezile, kitanzi kina upana wake na kimo chake, na hakijui kwamba leo unamfumia mdogo. Ndiyo sababu kwanza unafuma kipande cha kupimia. Najua mnakichukia. Hata mimi nilikichukia. Pandisha vitanzi 30, yaani vianzishe sindanoni, fuma mpaka upate kama kiganja, kilaze mezani bila kukivuta, weka rula katikati, hesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10, kisha hesabu mistari kwenda juu. Mimi, kwa uzi wa kawaida wa masweta ya shule na sindano za milimita 3.25 (ndizo namba 10 za zamani), napata vitanzi 24 na mistari 32. Kwa sweta la mtoto ningetumia milimita 4, lakini la mdoli lifumwe limebana kidogo, vidole vile vilivyotanuka visipate pa kuingia. Ukipata vitanzi pungufu ya 24, chukua sindano nyembamba kidogo. Ukipata vingi, chukua nene kidogo.

Sasa kalamu mkononi. Maneno yangu ni mawili tu: kitanzi laini, kile kinachoonekana kama herufi V upande wa mbele, na kitanzi cha tuta, kile kinachoacha kivimbe. Nimewafundisha wakulima wengi, na matuta hakuna asiyeyajua. Sweta la kawaida ni mstari mmoja laini, unaorudi ni tuta. Ukifuma laini kwenda na laini kurudi, unapata matuta pande zote mbili, na kitambaa cha namna hiyo hakijikunji pembeni. Kumbuka hilo, tutalihitaji mara tatu.

Tunafuma kipande kimoja tu, kuanzia pindo la mbele, kupanda begani, kuteremkia mgongoni. Hakuna mikono ya kuunganisha. Kifua cha mdoli ni 24, ongeza 2 za kupumua, 26. Nusu ya mbele ni 13. Mara vitanzi 2.4 kwa kila sentimita, unapata 31 na ushee. Pandisha 32. Fuma mistari 4 ya lastiki, yaani laini kimoja, tuta kimoja, hadi mwisho. Kisha endelea kawaida mpaka ufikishe mistari 20 kwa jumla. Hapo ndipo kwapani.

Mkono wa mdoli wangu, toka kwapa hadi kifundo, ni sentimita 8, ambayo ni vitanzi 19. Ongeza 19 mwanzoni mwa mstari unaofuata, na 19 mwanzoni mwa ule utakaorudi. Sindano sasa ina vitanzi 70, imejaa, inaonekana kama popo aliyetanua mabawa. Usiogope. Vitanzi 3 vya kila mwisho vifume laini kwenda na kurudi, ili mdomo wa mkono usijikunje. Fuma mistari 20 tangu ulipoongeza. Katika miwili ya mwisho, vitanzi 24 vya katikati navyo vifume laini kwenda na kurudi, shingo isijiviringishe kama jani la mgomba lililokauka.

Umefika begani. Fuma 25, funga 20 vya katikati (yaani vimalizie vitoke sindanoni bila kufumuka), fuma 25. Vile 20 ndivyo shingo: sentimita 8 na kitu, mbele na nyuma zikijumlishwa unapata 16 na nusu kwa shingo ya 15. Bega moja litoe sindanoni, lipumzike kwenye pini kubwa ya mtoto. Bega la pili liongezee vitanzi 12 upande wa shingo, liwe na 37. Kati ya hivyo 12, vinne vya ukingoni ni bendi ya vifungo, vifumwe laini kwenda na kurudi hadi chini. Mistari 20, funga 19 vya mkono, unabaki na 18. Teremka mistari 16, malizia na 4 ya lastiki (bendi yako iache na matuta yake), funga. Rudi kwenye bega lililolala, ufanye vilevile kwa kinyume. Upande mmoja utakulazimu ufume mstari mmoja zaidi kabla ya kufunga mkono, maana vitanzi hufungwa mwanzoni mwa mstari. Usihangaike nao, mstari mmoja hauonekani. Nilishawahi kuufumua na kuufuma mara nne nikitafuta usawa ambao mdoli wala hakuuomba.

Nusu hizo mbili zina 18 na 18. Zikipandana vitanzi 4 vya bendi, unarudi kwenye 32 za mbele. Ukiona hesabu yako haiishii hapo, umepoteza kitanzi njiani, rudi ukakitafute.

Matundu ya vifungo yapo kwenye bendi ya upande mmoja tu: mstari wa 4 toka begani, wa 18 na wa 32. Fuma kimoja, zungusha uzi juu ya sindano, fuma viwili pamoja, fuma kimoja. Basi, tundu limepatikana. Vifungo vizuri ni vile vidogo vya kwenye ncha za kola ya shati lililochakaa. Kuunganisha ni mishono miwili tu, kutoka mdomo wa mkono hadi kwapani, toka kwapani hadi pindoni, upande huu na ule. Donge moja la gramu 50 litakutolea masweta mawili, ukiwa si mtu wa kubana uzi mno.

Na kwa wengine mnaosoma: mtoto mwenye mdoli akiwa hajafika miaka mitatu, msiweke kifungo. Kitaishia mdomoni, na kutoka mdomoni kitaishia kooni. Mshoneeni mdoli sweta mwilini moja kwa moja, lisivuliwe. Mtoto wa umri huo anataka mdoli wa kuburuta, nguo za kubadilisha bado.

Turudi kwenye lile ulilonalo. Leo hii, kabla ya kulala, vile vitanzi vya shingoni vilivyoachia vishike kwa pini, visije vikateremka ngazi hadi kifuani. Kesho nenda kwa fundi cherehani. Mwambie apige mistari miwili ya mishono midogo midogo katikati ya mgongo, kutoka shingoni hadi pindoni, ikiachana nusu sentimita, na kila mmoja aurudie mara mbili. Halafu kata katikati ya mistari hiyo. Ndiyo, kwa mkasi. Moyo utadunda, lakini mishono ya cherehani itavishikilia vitanzi. Kunja kingo kwa ndani, zishone kwa mkono, fuma bendi mbili nyembamba uzibandike. Lisiposhikana, utakuwa umepoteza sweta ambalo tayari lilikuwa halivaliki.

Vidole navyo vina dawa yake. Zamani tungemvika mdoli mfuko wa rambo mkononi, ukateleza ndani ya mkono wa sweta. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo tumia soksi nyembamba: vika kiganja, pitisha, vuta soksi itokee upande wa pili. Binti atajifunza siku moja, na nakuonya, atamvua na kumvika mara ishirini hiyo siku.

Habari za nyumbani Mama. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa sita sasa. Nilinunua sindano namba 8 kama nilivyofundishwa na marehemu mama yangu kule Bukoba, nikafuma sweta la mdoli wa binti yangu kwa hesabu alizoniachia kwenye daftari. Limetoka kubwa, linamtosha paka. Mkono wangu umelegea kwa uzee au nini? Nina miaka 41 tu.

*Mwana wa Kagera, ughaibuni*

Nyumbani kwema, mwanangu. Mkono wako hauna neno, na daftari la mama litunze. Namba ndizo zimekudanganya.

Mama yako alifundishwa namba za Kiingereza cha zamani, ambazo ndizo zilizotufikia huku. Kwenye hizo, namba ikipanda sindano inapungua: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni 3.25, namba 14 ni 2. Wamarekani wanahesabu kwa kupanda, namba kubwa sindano nene. Namba 8 yao ni milimita 5. Ukizidisha milimita nzima kwenye kila sindano, sweta la mdoli linaishia kwa paka, na paka hajashukuru. Dukani kwenu omba namba 6, ndiyo milimita 4 ya mama. Daftari likisema 10, wewe chukua 3. Na juu ya jalada la daftari andika milimita kwa wino, ili binti yako naye asije akanitafuta.

Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa kidato cha pili, Makete. Mdogo wangu wa kike ana mdoli aliyeshonwa kwa vitambaa, mfupi kama urefu wa rula. Nataka kumfumia sweta kabla hatujafunga shule. Sina sindano, na duka la hapa halina. Pia wenzangu bwenini wakisikia watanicheka kwamba nafanya kazi ya kike. Nifanyeje?

*Kaka Mtu*

Marahaba mjukuu wangu. Baridi ya Makete naijua, ukungu unaingia mpaka ndani ya kikombe. Wanaokucheka wamevaa nini? Wamevaa masweta. Waulize nani kayafuma, wakishajibu waendelee kucheka.

Mimi kufuma sikufundishwa na mwanamke. Nilifundishwa na mjomba wangu, mlinzi wa usiku kwenye ghala la mahindi. Usiku ni mrefu, akikaa bure usingizi unamchukua, kwa hiyo alikuwa anafuma kofia pembeni ya moto, na asubuhi anaziuza kituo cha basi. Nilikuwa na miaka tisa. Mdoli wangu alikuwa gunzi la hindi, nywele zake zilezile ndevu za hindi, na skafu yake ndiyo kazi yangu ya kwanza: vitanzi sita upana. Gunzi halikunipa shida ya kichwa, maana kichwa halina. Na si mjomba peke yake duniani. Katika kisiwa cha Taquile, kwenye ziwa Titicaca nchini Peru, wanaume ndio wafumaji wa kofia, wavulana wanaanza wadogo, na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, imeuingiza ufumaji na ufundi wa nguo wa watu hao katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Huko ziwani ni mlimani na ni baridi kama kwenu.

Sindano: tafuta spoki mbili za baiskeli, mjomba alitumia hizohizo. Spoki ya kawaida ni milimita 2, inafaa uzi mwembamba. Kata pale ilipopindwa, ncha isugue kwenye jiwe mpaka isikuchome ukiipitisha shavuni. Ncha ya pili chomeka kipande cha raba ya kufutia, vitanzi visidondokee huko. Uzi ukiwa mnene, tumia vijiti vya mishikaki vya mwanzi. Pitisha msasa hadi viteleze, malizia kwa kuvisugua na mshumaa. Vikikwaruza uzi hata kidogo, rudia msasa. Hapo usifanye haraka, maana kijiti chenye nyuzinyuzi kitakufanya uchukie kufuma kwa kosa lisilo lako.

Mdoli wa kitambaa ana huruma kuliko wa plastiki. Kichwa chake kinabonyea na mikono inakunjika. Unaweza hata kumfumia kizibao kisicho na mikono: miraba miwili iliyounganishwa mabegani na ubavuni. Anza na hicho. Ukipata shida niandikie, ukipata sifa mpelekee mdogo wako.

Bibi, habari za kazi? Mimi niko Morogoro. Uzi mpya ni ghali, na kwa mdoli naona ni ufujaji. Kuna sweta la mtumba la sufu nzuri nimelipata mnadani, nikajaribu kulifumua, likawa linatoka vipande vifupi vifupi kama tambi. Niliuziwa sweta bovu?

*Mpenda Mitumba*

Salama, ndugu yangu. Sweta halikuwa bovu. Lilikatwa.

Ukiwa mnadani, kabla hujapenda rangi, geuza sweta ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Kuna masweta ambayo kila kipande kimefumwa kwa umbo lake: ukingo unaonekana umerudi wenyewe, vitanzi vimegeuka nyuma bila kukatika, na mshono ni kama mnyororo unaoshikanisha kingo mbili safi. Hilo nunua. Mengine yalifumwa kitambaa kipana, yakakatwa kwa mkasi, kisha kingo zikazungushiwa nyuzi na mashine, zile nyuzi za kupishana kama za ndani ya fulana. Hilo kila mstari umeshakatwa pande mbili. Ukilifumua utapata tambi, kama ulivyopata. Livae tu.

Lile zuri unalifumua hivi. Kata mishono kwanza, tenga mikono, mbele na nyuma. Mnyororo wa mshono ukiupata upande wake sahihi, ukiuvuta unaachia wote kwa mkupuo, na raha yake sijui niifananishe na nini. Halafu anzia pale mfumaji alipomalizia, mara nyingi shingoni au juu begani. Ukianzia pindoni uzi utajifunga mafundo, utalaani siku. Usiviringe donge moja kwa moja. Zungushia mgongo wa kiti, funga sehemu nne kwa uzi wa rangi nyingine, toa. Uzi utakuwa umejikunja kama nywele zilizofumuliwa mabutu. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza, kamua kwa kubana bila kusokota, tundika kambani na ufunge kikombe chini kiuvute. Asubuhi umenyooka. Watu wengi wanaruka hapa, wanafuma uzi ukiwa na mawimbi yake. Kipande cha kupimia kinawaambia uongo, na sweta likifuliwa mara ya kwanza linabadilika umbo.

Na kama kweli ni sufu, hakikisha. Chukua uzi urefu wa kidole, ushike kwa kibano juu ya sahani ya maji, uchome. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unafifia wenyewe, na majivu yanasagika ukiyabana. Uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki unayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Sufu ya kweli usiifue kwa maji ya moto na kuifikicha, itasinyaa igande kama kofia ya mzungu wa zamani. Mdoli hajali ni uzi gani. Atakayeufua ndiye anayejali.

Kwa wale wenye midoli ya mtindo wa Barbie, ambaye yupo madukani tangu 1959 na kimo chake ni kama sentimita 29, mitumba ndiyo suluhisho. Masweta membamba ya mashine yanatoa uzi mwembamba ambao dukani hutaupata, na spoki za Kaka Mtu hapo juu ndizo sindano zake. Ukitumia uzi wa sweta la shule kwa mwili ule, anaonekana kama amefungwa godoro.

Bi mkubwa, shikamoo. Mimi niko Tanga mjini. Huku watu wenyewe tunalala mlango wazi. Mdoli wa nini na sweta? Huu si mzaha?

*Mtoto wa Pwani*

Marahaba. Mdoli wa mjukuu wangu naye yuko Dar, jasho linamtoka mtoto, mdoli yumo ndani ya sweta la bluu na vifungo vitatu. Nilipomuuliza kwa simu kama mdoli hasikii joto, akasema, "Bibi, anajiandaa kuja kwako Desemba." Desemba Njombe ni mvua. Nimeanza kofia.